Mstari Usioguswa

Jumatatu ile programu ilianguka mara ya nne, na ya nne ndiyo iliyonipandisha mori. Ya kwanza mtu husema ni umeme. Ya pili husema ni bahati mbaya. Ya nne, saa moja asubuhi, bado nina koti la baridi mwilini, nikaona kwenye kioo sentensi ile fupi ya kijinga, kwamba programu imegusa kumbukumbu isiyo yake na imefungwa. Nikavua koti, nikaitukana kompyuta matusi mawili ya nguoni, nikakaa.

Naitwa Glenys. Nimeandika programu za hesabu miaka ishirini na sita hapa Armidale, katika ofisi ndogo ya ushirika wa wafugaji, ghorofani juu ya duka la mbolea na nyaya za uzio. Kazi yetu ni kondoo, ingawa mimi mwenyewe sijamshika kondoo tangu nilipoolewa. Wafugaji wanatuletea vipimo: uzito, wembamba wa sufu, mayai ya minyoo kwenye kinyesi, nani mama wa nani. Tunavichanganya vyote kwenye hesabu moja kubwa, na hesabu inampa kila dume namba zinazosema watoto wake watakuwaje. Siku ya mnada wanunuzi wanamtazama dume dakika moja, halafu wanainamia kijitabu chenye namba zetu dakika tano.

Saa mbili na nusu Roslyn akapiga simu.

Roslyn Mackie ana shamba upande wa Walcha, na kwa miaka kumi na miwili amekuwa akifuga kondoo wanaohimili minyoo. Minyoo ya tumbo ndiyo inayotumaliza huku kila kiangazi. Inanyonya damu mpaka ufizi wa kondoo unakuwa mweupe, na dawa zenyewe imeshazizoea. Wenzake walizidisha dawa. Yeye akapunguza, akazika wengi, na waliobaki akawazalisha wao kwa wao. Watu walimcheka mpaka kwenye baa, mbele yake.

"Glenys, namba zangu zimetoka?"

"Bado."

"Bado ya leo, au bado ya wiki ijayo?"

"Bado ya programu imeanguka tena."

Halafu akanieleza, kwa sauti ya mtu aliyeshalia jana yake akamaliza. Nusu ya shamba ni ya kaka yake, na kaka amepata mnunuzi wa nyama anayetaka kundi zima, majike kwa madume. Malori yanakuja Jumatano. Kaka anasema namba za mwaka jana zinaonyesha wazi kwamba Roslyn alikuwa anacheza tu. Yeye amemwambia namba za mwaka huu ni za kwanza kuwa na mabinti wa madume yake waliozaliwa kwenye mashamba ya watu wengine kumi na mmoja, na mabinti hawasemi uongo. Wakapatana. Namba zikitoka kabla ya saa sita mchana Jumatano, na zikawa nzuri, kondoo wanabaki. Zisipotoka, wanapanda lori.

"Na zikitoka zikawa mbaya?" nikauliza.

"Basi nitawapandisha kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini nataka nishindwe na kondoo, Glenys. Sitaki nishindwe na kompyuta yako."

Nikamwambia asubiri. Sikumwahidi kitu, maana sikuwa na kitu cha kuahidi, ila nilipoweka simu chini nilikuwa nimeshaamua.

Dimitra, mkuu wetu, akaja akaegemea meza yangu. Ni mwanamke mwema, ana watoto pacha na usingizi mdogo, na kwake kila jambo dawa yake ni moja. "Ikigoma tena tutumie namba za mwaka jana," akasema. "Nitawaandikia wafugaji kesho saa kumi na moja jioni. Itajipa tu, Glenys."

"Itajipa vipi?"

"Itajipa kama kila mwaka."

"Kila mwaka hatukuwa na mashine hii."

Na hapo ndipo kwenye shida yenyewe. Mashine yetu ya zamani ilifanya kazi kwa uzi mmoja, hesabu moja baada ya nyingine, kama fundi mmoja wa kukata sufu kwenye banda zima. Mwezi wa sita tulinunua mpya, na tukaiwekea maktaba mpya ya hesabu, yale mahesabu mazito yaliyoandikwa na watu wengine ambayo sisi tunayaita tu yatufanyie kazi. Maktaba hii inaigawa kazi kwa nyuzi thelathini na mbili, zote zinakata kwa pamoja. Kwa uzi mmoja hesabu ya mwaka huu ingechukua siku kumi na moja. Kwa nyuzi thelathini na mbili ni saa ishirini na tano. Saa saba za mwanzo zinakwenda vizuri. Halafu inafika kwenye jedwali kubwa la undugu wa kondoo, maktaba inaitwa, na hapohapo programu inaanguka.

Nikaenda kumwona Warwick. Warwick Haddrill ndiye aliyeiandika programu hii, mwaka 1987, mimi bado nasoma. Ana miaka sabini na moja sasa, anakuja ofisini kama apendavyo, na anavaa kaptura na soksi ndefu hata siku ambazo magari yameganda barafu.

"Kwangu haianguki," akasema.

"Kwako wapi?"

"Hapa." Akaigonga kwa ncha ya kiatu mashine ya zamani, aliyokataa itupwe na kuificha chini ya meza yake.

"Hiyo ina uzi mmoja, Warwick. Ukiipa hesabu ya mwaka huu itakupa jibu ukiwa kaburini."

"Lakini itanipa. Yako imekupa nini?"

Nikaondoka kabla sijamtupia kitu. Kinachoudhi ni kwamba alikuwa na haki ya kunicheka.

Nikasema basi, huyu adui anakaa saa saba kwa miguu kutoka kwangu, ngoja nihamie mlangoni kwake. Nikaandika mistari michache ya kuihifadhi hali yote ya hesabu dakika sita kabla ya pale inapoangukia, kisha saa tatu nikaiwasha upya. Saa kumi alasiri ilikuwa imeanguka kama kawaida yake, ila safari hii nilikuwa na hali iliyohifadhiwa mkononi. Kuanzia hapo sikuhitaji tena saa saba za kungoja. Niliweza kuiangusha kila baada ya dakika sita, na nikaiangusha kwelikweli. Nyuzi thelathini na mbili, ikaanguka. Nyuzi nane, ikaanguka. Nyuzi mbili, ikaanguka. Uzi mmoja, ikapita bila neno. Jedwali dogo la kondoo mia tano, ikapita, kwa sababu kazi ndogo maktaba haijisumbui kuigawa. Nikaweka toleo la zamani la maktaba, ikaanguka vilevile. Nikafungua faili ambalo programu huliacha ikifa, nikaona kila mara anayekufa ni uzi mmoja wa maktaba, ndiyo kwanza umeanza kazi.

Mficha uchi hazai. Nikawaandikia wanaoitunza maktaba ile, watu nisiowajua hata kwa sura, nikawaeleza kila nilichojaribu, kisha nikaenda nyumbani kula.

Jumanne saa mbili jibu lilikuwa limefika, kutoka kwa mtu anayejiita Henrik. Alikuwa mpole. Alisema kila uzi unahitaji kibao chake cha kuandikia hesabu za pembeni, na maktaba hii inaandika nyingi, akauliza: je, ninyi mmeweka vibao vya ukubwa gani?

Nikacheka peke yangu. Katika ofisi yetu hilo ndilo jambo la mwisho mtu angeuliza. Kila programu yetu huanza kwa kusoma faili moja fupi la maagizo, na katikati ya faili hilo kuna mstari unaoiambia mashine: nafasi ya kuandikia, bila kikomo. Juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa, USIUGUSE MSTARI HUU, W.H. Mashine zimebadilishwa mara tano, na mara zote tano tuliubeba mstari ule kama mtu anavyobeba picha ya marehemu kwenye fremu yake. Hakuna aliyewahi kuuliza unafanya nini.

Nikamjibu Henrik kwa kiburi. Nilisema kwetu ni bila kikomo, kwa hiyo tafadhali mtafute kosa upande wenu.

Zikapita dakika kumi. Likaja jibu la mstari mmoja: "Je, umeiuliza mashine kila uzi unapata kiasi gani?"

Sikuwa nimeiuliza. Nikaandika programu ya kitoto, ya kuanzisha uzi mmoja tu na kuuuliza una kibao cha ukubwa gani. Megabaiti mbili. Nikadhani nimekosea kuandika. Nikafungua dirisha jingine lisilo na mstari wa Warwick, nikauliza tena. Megabaiti nane. Yaani kwa kusema bila kikomo tulikuwa tunapewa robo ya kile anachopata mtu asiyesema lolote.

Nikasoma kitabu cha mfumo mpaka nikapakuta. Programu yenyewe, ile iliyo moja, ukiiambia bila kikomo inatanuka itakavyo. Lakini nyuzi ni nyingi, na kila mmoja lazima ukatiwe kipande chake mwanzoni kabisa. Mashine ikiambiwa bila kikomo haijui ikate wapi, kwa hiyo inarudi kwenye kipimo chake cha tangu zamani, megabaiti mbili, inaugawia kila mmoja. Maktaba inaanza kuandika, kibao kinaisha, inaandika nje ya kibao, na mfumo unaiua. Nilikaa nimejishika kichwa. Halafu nikamwomba Henrik radhi, maneno matupu bila visingizio, akanirudishia alama ya kucheka.

Kwetu chai ya saa nne ina sheria moja tu, haisemwi kazi. Atakayesema kazi analeta keki kesho yake. Warwick alikuwa amesimama karibu na birika akipaka siagi kwenye mkate, Dimitra anapiga miayo.

"Nitaleta keki," nikasema. "Mstari wako ndio unaotuua, Warwick."

Akaweka kisu chini. "Mstari upi?"

"Unaujua upi."

Dimitra alitazama kikombe chake. Warwick hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. "Mwaka 1998," akasema, "siku tatu kabla ya mnada wa madume, programu ilikuwa inaanguka dakika ya kwanza. Nililala pale sakafuni. Mstari ule ndio uliotutoa. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakuletea sandwichi. Ilikuwa wiki yangu ya pili hapa."

"Basi unajua."

"Najua uliokoa. Nasema sasa unaua. Yote mawili ni kweli."

"Usiuguse," akasema, akachukua mkate wake akatoka.

"Glenys," Dimitra akaanza, "labda tumwache mzee mwaka huu, halafu itaji—"

"Ukilimaliza neno hilo nitakumwagia chai."

Hakulimaliza.

Faili la maagizo limefungwa kwa jina la Warwick, kwa hiyo kuligusa lile la kazi yenyewe sikuweza. Nikajinakilia la kwangu, nikaufuta mstari, nikaianzisha programu kutoka kwenye hali iliyohifadhiwa. Nilikuwa na hakika kiasi cha kujimiminia chai ya pili. Haikufika hata dakika mbili ikaanguka. Tena haikuangukia kwenye maktaba. Iliangukia kwenye programu yenyewe, ndani ya mistari ya Warwick ya mwaka 1987, hata nyuzi hazijaamka.

Nilipiga meza mpaka kikombe kikaruka. Ilikuwa saa saba mchana. Ili namba ziwe tayari kabla ya saa sita Jumatano, na kazi iliyobaki ni ya saa kumi na nane, ilibidi ianze kabla ya saa kumi na mbili jioni, na Dimitra angeandika barua yake saa kumi na moja. Nikaanza kubahatisha. Kikomo cha megabaiti sitini na nne, ikaanguka. Mia mbili, ikaanguka mbele kidogo. Kwa hasira nikaweka namba kubwa ajabu, na mashine ikakataa katakata kukata vipande thelathini na viwili vya ukubwa ule, maana jedwali la undugu limeshakula karibu kumbukumbu yote. Na jambo lililonitia baridi ni hili: hata nikipata namba inayopita leo dakika ya sita, nitajuaje kwamba haitaanguka kesho alfajiri, itakapofika kwenye kundi kubwa kuliko yote? Sikujua programu inakula kiasi gani. Katika dunia nzima anayejua ni mtu mmoja.

Niligeuka nimwendee, kumbe yuko mlangoni. Sijui alikuwa amesimama muda gani.

"Nilikwambia," akasema.

"Ulisema nisiuguse. Hukusema kwa nini."

Akaangalia kioo, akaona mahali ilipoangukia. "Hapo ndipo nilipolala sakafuni," akasema. "Mistari ileile."

"Warwick, kaa. Kaa nikuonyeshe, halafu ukitaka kunifukuza chumbani nifukuze."

Akakaa. Nikaendesha ile programu ya kitoto mbele yake. Kwa mstari wake, mbili. Bila mstari wake, nane. Akaniambia niirudie. Nikairudia. Akaniomba kibodi, akaandika mwenyewe kwa vidole viwili, kwa maneno yake mwenyewe, na mashine ikampa jibu lilelile.

"Lo," akasema taratibu. "Nimeiambia ichukue yote, yenyewe ikawapunja wenzake."

"Wakati ule ilikuwa peke yake. Haikuwa na mwenzake wa kumpunja."

Uso wake ulikuwa mwekundu, na mimi niliona vibaya kweli, maana nilikuwa nimengoja miaka mingi kumshinda mzee huyu kwenye jambo moja, na sasa nimemshinda na sina furaha hata kidogo.

"Siwezi kuufuta," nikasema. "Nikiufuta programu yako inakufa. Nikiuacha nyuzi zinakufa. Inatakiwa namba. Namba kamili, inayoitosha programu mpaka mwisho, na isiyozidi mno. Mimi sina. Unayo wewe."

"Sina. Sikuwahi kuhesabu. Ndiyo maana niliandika bila kikomo."

"Basi hesabu sasa."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa apande farasi tena. Kisha akachomoa penseli kwenye soksi, huko ndiko anakoziweka, akavuta karatasi. "Kundi kubwa mwaka huu lina kondoo wangapi?"

Nikatafuta. "Elfu kumi na nne na mia tatu."

"Sifa ngapi tunapima?"

"Kumi na tisa."

"Zilikuwa saba," akasema, na hakuniambia mimi. Akaandika. Kila baada ya muda aliuliza jambo, mara tunarudi nyuma vizazi vingapi, mara yule kijana aliyehamia Perth aliongeza nini kwenye sehemu ya sufu, nami nilikimbia kwenye mistari nikamletea jibu. Mara mbili alifuta yote akaanza upya. Saa tisa ikapita. Saa kumi ikapita. Nilikuwa natamani kumpokonya penseli, na nikaikalia mikono yangu, kwa sababu alichokuwa anakiona ndani ya programu ile akiwa amefumba macho, mimi ningehitaji mwezi mzima kukiona nikiwa nimeyafumbua.

"Mia saba na arobaini," akasema mwishowe. "Weka mia nane."

"Mia nane mara thelathini na mbili." Nikapiga hesabu kichwani. "Inaingia. Kwa shida, lakini inaingia."

Akafungua faili la maagizo kwa jina lake. Kishale kikasimama kwenye mstari, kikawa kinawaka na kuzimika. Akafuta yale maneno, bila kikomo, akaandika mia nane. Kisha akaufuta na ule mstari wa herufi kubwa, na mahali pake akaandika polepole sababu yote: kwamba kila uzi hukatiwa kipande kwa kufuata namba hii, kwamba namba hii imetokana na hesabu fulani, na kwamba makundi yakikua ihesabiwe tena. Akatia W.H. Akasita, akaongeza G.P.

"Miaka ishirini na sita nimewakataza watu kuuliza," akasema. "Nilikuwa naogopa mtu ataniuliza na sitakuwa na jibu."

"Mimi sikuuliza," nikamwambia. "Kosa hilo ni langu."

Tukaianzisha saa kumi na moja kasoro dakika kumi na sita. Dimitra akaja na kompyuta yake mkononi, barua imeshaandikwa, kidole kiko tayari.

"Subiri dakika sita," nikasema.

"Glenys, nimesubiri siku mbili."

"Dakika sita, Dimitra. Ikianguka naibonyeza mimi mwenyewe."

Tukasimama watatu mbele ya kioo kimoja. Dakika ya pili, mahali pa Warwick, ikapita, nikamsikia akishusha pumzi. Dakika ya tano. Dakika ya sita nyuzi zikaamka zote thelathini na mbili, na mimi nikafumba macho bila kujijua. Nilipoyafumbua ilikuwa dakika ya saba na bado inakwenda. Ya nane. Dimitra akafunga kompyuta yake.

"Kesho saa sita," akasema. "Sio saa sita na dakika moja."

Jumatano nilikuwa ofisini jua halijachomoza vizuri, nina keki kwenye mfuko, deni la chai. Warwick alinitangulia. Ilikuwa bado inakwenda, na sisi tulikaa tukiitazama kama watu waliokaa na mgonjwa, kila mmoja anaogopa kuinuka. Saa nne tulikunywa chai palepale mezani. Saa tano kasorobo ikamaliza, faili likatokea, na ofisi nzima ikawa kimya isipokuwa feni za mashine zikipunguza mwendo.

Nisingependa kudanganya: niliogopa kulifungua. Siku zote tatu nilipigana namba zitoke, wala sikujiuliza nitafanyaje zikitoka mbaya. Nitampigiaje Roslyn nimwambie nimekuletea ushahidi wa kukushinda? Warwick akaona mkono wangu umesimama. "Fungua," akasema. "Ndiyo kazi tunayoifanya." Nikafungua, nikatafuta jina la shamba lake, nikasoma. Nikasoma mara ya pili kwa kidole.

Aliipokea simu kabla haijalia mara mbili. Upepo ulikuwa mkali alipo, na kondoo walikuwa wanalia karibu naye, wengi mno.

"Sema haraka," akasema. "Malori yamekuja mapema. Wameshapakia moja."

"Roslyn, sikiliza. Dume namba 2217."

"Ndiyo."

"Kwa minyoo, ni wa nne nchi nzima."

Nikashuka na kidole kwenye orodha.

"Una madume kumi na manane kwenye orodha. Kumi na moja wako katika kumi bora kwa kila mia. Na sufu haikushuka. Mabinti kwenye mashamba yote kumi na moja, Roslyn. Yote."

"Rudia," akasema.

Nikarudia, namba moja baada ya nyingine, polepole. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha nikasikia simu ikiondoka mdomoni mwake, na sauti yake mbali kidogo, kavu, ikimwambia mtu awateremshe. Mwanamume akajibu kitu. Akamwambia tena, wateremshe wote, na wewe kaka yangu njoo hapa uongee na Glenys kama huamini. Mlango wa lori ukagonga chini, zikaanza kwato kwenye bati, moja, mbili, halafu nyingi pamoja.

Warwick alikuwa amesogea mpaka kwenye kona ya meza yangu. "Anasemaje?" akauliza.

Nikamnyooshea simu. Akaishika kwa mikono miwili, akaiweka sikioni, akasikiliza mpaka kondoo wa mwisho akashuka.